Mwandiko Usio na Mwandishi: Uhakiki wa Fonti za Mkono katika Vibao vya Kisii na Nyamira

Utangulizi

Uhakiki wa maandishi ya Kiswahili umezoea kuanzia pale neno linapokwisha kuandikwa. Mhakiki huuliza neno lina maana gani, limepangwa vipi pamoja na mengine, na linamtumikia nani. Ni nadra aulize limeandikwa kwa herufi za umbo gani. Herufi huchukuliwa kuwa chombo tu, mithili ya kata ya maji ambayo mnywaji haikumbuki tena akishakata kiu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba umbo la herufi ni sehemu ya fani, na kwamba, kama ilivyo kwa fani yoyote, lina uhusiano na maudhui ambao unaweza kupimwa na kuhukumiwa. Mfano uliochaguliwa ni fonti za tarakilishi zinazoiga mwandiko wa mkono usio rasmi. Eneo lililochaguliwa ni kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya.

Eneo hili halikuchaguliwa kwa bahati. Anayesafiri kutoka mji wa Kisii kupitia Keumbu hadi Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, hupita mbele ya maandishi ya aina mbili yaliyosimama bega kwa bega. Kuna vibao na kuta zilizoandikwa kwa burashi na rangi ya mafuta, na kuna mabango ya plastiki yaliyochapishwa kwa mashine, ambayo mengi yana herufi zilizolegea na kuinamainama kana kwamba mtu ameziandika kwa kalamu akiwa hana haraka. Aidha, katika Kisii hiyohiyo pana Tabaka, kitovu cha uchongaji wa mawe laini, ambako mkono wa mtu bado huandika juu ya jiwe. Kwa hiyo mwigo na kile kinachoigwa vinapatikana mahali pamoja, na mhakiki anaweza kuvilinganisha.

Asili ya mwigo

Haja ya kuiga mwandiko kwa herufi za chuma ni ya zamani kuliko tarakilishi. Mnamo mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon alitoa herufi zilizoitwa Mistral, zilizotokana na mwandiko wake mwenyewe. Alizipanga kwa ustadi hivi kwamba herufi ndogo ziliungana zilipowekwa pamoja, jambo gumu sana kwa mpiga chapa aliyepanga kipande kimoja kimoja. Herufi za namna hiyo zilipendwa na watangazaji wa biashara, kwa kuwa ziliondoa ubaridi wa chapa na kumpa mnunuzi hisia kwamba anasemeshwa na mtu.

Hata hivyo, fonti iliyoeneza mtindo huu duniani kote ni Comic Sans, iliyoundwa na Vincent Connare mwaka 1994 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Microsoft. Chanzo chake ni cha kuelimisha. Connare aliona programu ambamo mbwa wa kuchorwa alikuwa akisema na mtumiaji, na maneno ya mbwa huyo yameandikwa kwa Times New Roman, herufi za gazeti. Aliona kwamba sauti na msemaji havipatani. Akatazama vitabu vya hadithi za picha, akaunda herufi zinazofanana na zile zinazoandikwa ndani ya viputo vya maneno. Kwa lugha ya uhakiki, Connare alikuwa ametambua mgogoro kati ya fani na maudhui, akaurekebisha.

Yaliyofuata yanajulikana. Fonti iliyokusudiwa mbwa wa kuchorwa iliwekwa katika tarakilishi za mamilioni ya watu, nao wakaitumia kwa barua za benki, matangazo ya hospitali na mawe ya makaburi. Wataalamu wa usanifu wa Ulaya na Marekani waliicheka, na wengine wakaanzisha kampeni ya kutaka ipigwe marufuku. Tarehe 4 Julai 2012, wanasayansi wa CERN walipotangaza kuonekana kwa chembe ya Higgs, sehemu ya matokeo ilionyeshwa kwa fonti hiyohiyo, na baadhi ya watazamaji wakazungumzia herufi kuliko sayansi. Lakini kicheko si uhakiki. Kusema kwamba fonti ni ya kitoto ni kutoa hukumu ya tabaka fulani la wasomi wa sanaa. Hukumu hiyo haiwezi kuhamishwa kama ilivyo hadi sokoni Daraja Mbili na kutarajiwa kufaa huko.

Mkono uliotangulia

Ili kuelewa fonti hizi zinafanya nini Kisii na Nyamira, yafaa kwanza kutazama kazi ya mwandishi wa vibao. Fundi huyu huanza kwa kupaka ubao au ukuta rangi ya msingi. Hupiga mistari kwa chaki na uzi, hupima nafasi ya kila neno kwa jicho, kisha hujaza herufi kwa burashi bapa. Mara nyingi hupenda herufi kubwa zenye miguu minene na kivuli upande mmoja. Mara nyingine hesabu humponyoka: neno huanza kwa madaha na kumalizika kwa msongamano, herufi tatu za mwisho zikibanana ukingoni kama abiria wa matatu ya jioni. Akimaliza, aghalabu huandika jina lake au nambari yake ya simu katika pembe ya chini.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba kibao hicho kina mtunzi anayejulikana, ambaye anaweza kusifiwa, kulaumiwa na kuitwa tena. La pili ni kwamba fundi huyu hakuwa akijaribu kuonyesha kuwa ameandika kwa mkono. Kinyume chake, alijitahidi herufi zake zinyooke na kulingana kama zile za chapa, kwa kuwa chapa ndiyo iliyokuwa na heshima. Uandishi uliingia Ugusii pamoja na misheni na ofisi za serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na sura yake ya kwanza ya fahari ilikuwa sura ya kitabu. Hivyo kuna kinaya katika historia hii: mkono ulihangaika kufanana na mashine, na sasa mashine inahangaika kufanana na mkono.

Kazi ya mkono imepata misukosuko mingine pia. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, maarufu kwa jina la waziri John Michuki, ziliyataka magari ya abiria yawe na mstari wa manjano ulioandikwa njia ya gari, na michoro na maandishi ya mapambo yakafutwa kwa wingi. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa muda mfupi na kwa bei ambayo fundi wa burashi huona taabu kushindana nayo. Si haki kumlaumu mwenye duka anayechagua bango. Hata hivyo, ni haki kuuliza amenunua nini na amekosa nini.

Mizani ya kwanza: herufi tatu za neno Tabaka

Fonti ya mwandiko hutoa ahadi. Humwambia msomaji: hapa palikuwa na mtu. Ahadi hiyo inaweza kupimwa kwa njia nyepesi, na jina la Tabaka lenyewe linatosha kuwa mizani, kwa kuwa lina herufi a mara tatu. Mtu akiliandika jina hilo kwa kalamu, a hizo tatu hazitalingana kabisa. Ya kwanza itaathiriwa na T iliyoitangulia, ya pili itabanwa kati ya b na k, na ya tatu, ikiwa ya mwisho, huenda ikaacha mkia. Fonti ya kawaida huzirudia zote tatu zikiwa na kasoro ileile, mpindo uleule na mtetemo uleule. Kasoro moja ni dalili ya mkono, lakini kasoro ileile ikirudiwa mara tatu ni dalili ya muhuri. Lugha za Kibantu, zenye silabi nyingi zinazoishia kwa vokali, huifichua siri hii upesi kuliko Kiingereza. Baraka, karanga, nyama na chapati ni maneno ya kila siku katika vibao, na yote yanairudia a.

Wasanifu wanalijua tatizo hili, na baadhi ya fonti za kisasa zina maumbo mawili au matatu ya kila herufi, ambayo programu huyapokeza kwa zamu. Huo ni ustadi wa kuheshimiwa. Lakini unachofanya ni kuusogeza mbali zaidi mpaka wa udanganyifu, bila kumleta mtu ambaye hakuwapo.

Linganisha na sahani ya jiwe la Tabaka. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kukatwa kwa panga na kisu. Mchongaji akishalipa umbo, hulisugua kwa msasa na maji, na kazi nyingine hupakwa rangi. Kisha hukwaruza rangi hiyo kwa ncha ya chuma, na weupe wa jiwe hujitokeza kuwa mstari wa ua, wa mnyama, au wa herufi. Mstari huo haufutiki. Mkono ukiteleza, mteleza hubaki. Herufi zinazopatikana hivyo mara nyingi si nzuri kwa kipimo cha chapa, na maneno yenyewe, yakiwa ya kuwauzia watalii, huenda yasiwe na uzito wowote. Hata hivyo, ahadi yake ni ya kweli: palikuwa na mtu, na alikuwa na chuma mkononi.

Mizani ya pili: alama ya ng'

Mizani ya pili ni ya lugha, na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Fonti nyingi za mwandiko zimeundwa na watu wanaoandika Kiingereza au lugha nyingine za Ulaya, na mkono zinaouiga ni mkono wa huko. Hilo huonekana wazi katika sauti ya ng', inayopatikana katika Kiswahili na katika Ekegusii. Kwa mwandishi wa Kiingereza, kile kikoma cha juu ni alama ya uandishi inayoonyesha herufi iliyoachwa, na kinaweza kuelea popote kati ya herufi mbili. Kwa mwandishi wa Kiswahili au Ekegusii, ni sehemu ya herufi. Kukiondoa ni kubadilisha sauti.

Fundi wa burashi anayelijua hilo hukibandika kikoma karibu na g, kama kipuli sikioni. Fonti ya mwandiko hukiacha mbali, kwa mlegeo wake wa makusudi, hata neno ng'ombe katika ukuta wa bucha likaonekana kama maneno mawili. Mpangaji wa bango akiona pengo hilo, mara nyingi hukifuta kikoma ili neno lipendeze. Programu nyingine, zikiamriwa kuanza kila neno kwa herufi kubwa, hukichukua kikoma kuwa mwisho wa neno, na jina la ukoo kama Nyang'au hutoka likiwa na A kubwa katikati. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri wa Tabaka ambaye Ndege wa Amani wake amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, huandikwa mara Ong'esa mara Ongesa. Ikiwa jina la msanii wa hadhi hiyo halijasalimika, hali ya jina la mwanakijiji katika bango la harambee inaweza kukisiwa.

Ekegusii kina tatizo jingine la ndani zaidi. Lugha hiyo ina vokali saba, lakini maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano, hivyo e na o kila moja hubeba sauti mbili. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya elimu imependekeza mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mazingira yake, na Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji. Mwalimu au mtafiti anayetaka kuonyesha tofauti ya vokali hizo kwa ɛ na ɔ hugundua kwamba nyingi ya fonti hizi hazina maumbo hayo. Tarakilishi huazima herufi kutoka fonti nyingine, na katikati ya neno lililolegea hutokea herufi moja iliyosimama wima kama askari aliyepotea arusini. Mkono wa kweli haukosi herufi. Mwenye mkono akihitaji umbo jipya, huliandika.

Mahali pa fonti

Baada ya mizani hizo mbili, swali la matumizi linaweza kujibiwa bila chuki. Mahali pa kwanza panapofaa ni shule ya chekechea. Mtoto hufundishwa kuandika a ya duara yenye mkia mmoja, ilhali vitabu vingi humpa a yenye kichwa kilichopinda juu ya tumbo. Fonti nyingi za mwandiko, Comic Sans ikiwa mojawapo, hutumia a ileile anayoiandika mtoto. Katika miaka ya 1980 Rosemary Sassoon wa Uingereza aliunda herufi za watoto baada ya kuwauliza watoto wenyewe walichokipenda, na shirika la British Dyslexia Association huitaja Comic Sans miongoni mwa fonti zinazoweza kuwafaa wenye shida ya kusoma. Kwa hiyo kibao cha chekechea cha Nyamira au Ogembo kilichoandikwa hivyo hakistahili kuchekwa. Msomaji wake wa kwanza ameheshimiwa.

Mahali pa pili ni hoteli ndogo, kibanda cha kinyozi, na duka la mama anayeuza maandazi. Hapa mwenye biashara mwenyewe ndiye asemaye, na mteja akiingia atamkuta. Fonti inayojifanya sauti ya mtu haisemi uongo mkubwa ikiwa mtu huyo amesimama nyuma ya meza.

Mahali pagumu ni kijitabu cha mazishi. Katika kaunti hizi, kama kwingineko Kenya, wasifu wa marehemu huchapishwa pamoja na picha na ratiba ya ibada, na si ajabu kuukuta umeandikwa kwa fonti ya mwandiko. Mhakiki mwenye haraka atasema kuwa herufi za mzaha zimetiwa msibani. Lakini jamaa hawakukusudia mzaha. Walitaka wasifu uonekane kuwa umeandikwa nao, kwa upendo, wala si na ofisi. Nia hiyo ni sahihi, na ni chombo kilichowaangusha. Mjukuu mmoja angeliandika jina la babu kwa kalamu kwenye karatasi nyeupe, na karatasi hiyo ikapigwa picha na kuwekwa juu ya jalada, wangelipata kwa hakika kile walichokiazima kwa mwigo. Na kikoma cha ng' kingelikuwa mahali pake.

Mahali pasipofaa kabisa ni pale ambapo msomaji hapaswi kusemeshwa kirafiki. Onyo la nguvu za umeme, kipimo cha dawa ya mtoto, maelekezo ya sumu ya wadudu katika duka la dawa za kilimo: haya yanadai herufi zisizo na tabia. Fonti iliyolegea humpunguzia msomaji hofu anayopaswa kuwa nayo, na huifanya tarakimu ya 1 ifanane na herufi l. Hapo kasoro ya fani inaweza kuugharimu mwili.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba uhakiki huu unaomboleza burashi iliyopitwa na wakati. Pingamizi hilo lina uzito. Fundi wa vibao alikosea tahajia mara nyingi. Bango la mashine linaweza kusahihishwa kabla ya kuchapishwa, na kijana anayelipanga katika chumba kidogo chenye tarakilishi ni mfanyakazi kama alivyokuwa fundi. Isitoshe, jamii haiwezi kudaiwa ibaki na umaskini wa vifaa ili mhakiki apate mifano ya kupendeza.

Hata hivyo, lawama hapa haiko juu ya mashine wala juu ya kijana huyo. Iko juu ya mkono uliochaguliwa kuigwa. Kijana hufungua orodha ya fonti na kukuta mikono kumi au ishirini, na yote ni ya wageni. Hakuna mmoja uliotokana na kuta za Keroka, na wala hakuna uliotokana na ncha ya chuma ya Tabaka. Jambo hilo haliko nje ya uwezo wa watu wa hapa. Programu za kuunda fonti zinapatikana bila malipo, na kazi yenyewe huanza kwa mtu kuandika alfabeti kwenye karatasi. Mji wa Kisii una chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2013. Mafundi wa burashi wangali hai. Fonti iliyotokana na mkono wa mmoja wao, yenye jina lake, yenye ng' iliyoundwa kuwa herufi moja, yenye vokali saba, na yenye a tatu zisizofanana, ingekuwa mwigo bado, lakini ungekuwa mwigo wenye mwenyewe.

Hitimisho

Imejaribiwa kuonyeshwa kwamba fonti ya mwandiko usio rasmi si mapambo matupu, bali ni dai kuhusu msemaji. Dai hilo likiwa na mtu nyuma yake, fani na maudhui hupatana, hata wasomi wa mbali wakicheka. Likikosa mtu, msomaji huona kasoro ileile ikijirudia, na imani yake hupungua bila yeye kujua kwa nini. Na dai hilo likitolewa kwa mkono usiojua kuandika ng', anayepoteza si mwenye bango peke yake, bali kila mwenye jina lililobandikwa humo.

Katika pembe ya chini ya vibao vingi vya zamani, rangi imekwisha kufifia, lakini jina la fundi bado lasomeka. Mabango mapya hayana pembe hiyo. Wahakiki na walimu wa lugha wanaopita mbele yake kila siku wana wajibu wa kuuliza ni nani aliyeandika.